Kabla hujauza ng'ombe ununue ampu, badilisha piki

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu aliyesema vijana wa Mwanza wanaopiga hevi metali wanapiga kelele tu kwa sababu hawana ampu (vile vikuza sauti vya gitaa) za maana, na ampu za maana zinatoka nje kwa bei ambayo ungeweza kujengea chumba. Kwenye kelele nakubaliana naye nusu, maana nimewasikia na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kwenye ampu ndo nakataa.

Mi nakaa mlimani Mabatini, nyumba zetu si mnazijua, ukuta mmoja wa chumba changu ni jiwe lenyewe, fundi alijenga pande tatu akasema ya nne Mungu ameshajenga. Jumamosi napiga kwenye harusi, Jumapili kanisani, ila usiku nikiwa mwenyewe ni bendi za hevi metali, Black Sabbath na Metallica. Miaka na miaka nimeitafuta ile sauti ya gitaa la ridhimu, ile inayokata kama shoka halafu inanyamaza ghafla, jugu jugu jugu, kiganja kimelala juu ya nyuzi pale karibu na daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, na mi nilichokuwa napata ni mashine ya kusaga. Sio maneno yangu hayo, ni bibi jirani aliyekuja kugonga mlango saa tatu usiku akauliza, "Baba, mashine yenu inasaga kila siku, mbona unga hatuuoni?"

Basi na mi nikaamini kosa ni ampu. Nilikuwa na kiampu cha mtumba cha wati 15, spika inchi 8, kidogo kama redio ya mangi. Jamaa yangu akaniletea nyingine kutoka Marekani, ya valvu kabisa, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama kibatari, na kwa furaha niliyokuwa nayo nikaichomeka ukutani moja kwa moja, wakati kule kwao umeme ni volti 120 na huku kwetu 230, na hiyo fizikia nimeisoma shuleni na mtihani nikafaulu. Harufu ya transfoma ilikaa chumbani wiki nzima. Nikarudi kwenye kiampu changu kimya kimya.

Sasa siku moja kwenye harusi piki yangu, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, ikadondoka ikapotea, na ilikuwa ile laini, inapinda kama kadi ya vocha. Nikachukua mfuniko wa ndoo, nikakata kipande cha pembetatu kwa mkasi, nikakisugua kwenye sakafu mpaka kingo zikalainika. Kigumu, hakipindi hata kidogo. Usiku nikakijaribu nyumbani kwenye vitu vyangu, kiampu kilekile, gitaa lilelile, nyuzi zilezile zenye kutu, nikabaki nimekaa tu naangalia mkono wangu.

Piki laini ikigusa uzi inapinda kwanza ndo inauachia, kwa hiyo sauti inachelewa kidogo na mwanzoni unasikia "chwi" ya plastiki, sa ukipiga nyuzi mbili tatu kwa mwendo wa kasi zile chwi zinajazana ndo unapata ule mkwaruzo kama mchanga. Ngumu inapeleka nguvu yote ya mkono kwenye uzi mara moja. Na kama unapiga kwa kushusha tu, kila pigo linaenda chini kama anavyofanya James Hetfield wa Metallica, utaelewa kwa nini unene wa piki ni muhimu, maana nene ndo ngumu, kwa sababu kila noti inatakiwa ifanane na mwenzake kama ngoma. Zile piki za Dunlop zinazoitwa Tortex unene unaujua kwa rangi, njano ni milimita 0.73, kijani 0.88, zambarau 1.14, na kuna kale kadogo Jazz III ni 1.38. Kwenye sebene sibishani na mtu, kule piki laini ina raha yake.

Na atakayecheka mfuniko wa ndoo, amkumbuke Tony Iommi, huyohuyo wa Black Sabbath. Mwaka 1965 akiwa na miaka 17 mashine ya kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyepesi ili asiumie, baadaye akalegeza na tyuningi yenyewe, nyuzi zikalia chini zaidi, na ule mlio mzito mpaka leo dunia nzima inauiga.

Baada ya piki nikaanza kurudi nyuma kwenye mambo mengine. Geini, kile kitufe cha kuongeza mkwaruzo, nilikuwa naweka mwisho, nikaishusha mpaka katikati, na hapo ndo uzito ukaja, kwa sababu ule ukuta wa magitaa kwenye albamu mara nyingi ni mtu mmoja karekodi kitu kilekile mara mbili au hata nne, kila mara na geini ya wastani, sio mara moja na geini ya kupasua. Midi, zile sauti za katikati, nilikuwa nimezifuta zote maana chumbani zinapendeza zikiwa hazipo, ila ukiingia na bendi unapotea, chini kuna besi na ngoma kubwa, juu kuna matoazi, gitaa halina pa kukaa. Na kiampu nilikuwa nimekiegemeza kwenye lile jiwe! Sauti nzito ikigonga kitu kigumu kilicho nyuma yake inarudi imevimba. Nikakivuta mpaka katikati ya chumba, nusu ya uvimbe ukaisha bila kugusa kitu.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiki ninachokiona kwenye maonyesho hapa mjini, kijana anatoa waya kwenye pedali ya distosheni, kile kiboksi cha mguuni cha kukwaruza sauti, anachomeka moja kwa moja kwenye mikisa inayolisha spika za ukumbini, halafu anashangaa gitaa linalia kama nyuki kwenye debe. Spika ya gitaa ya inchi 12 ikishapita hezi 5000 hivi inaanza kunyamaza, ndo inayochuja ule mchanga wa juu. Spika za ukumbini zina twita, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zinatoa kila kitu mpaka uchafu. Wekeni maiki mbele ya kiampu, hata kiwe kibaya namna gani, mtaona.

Ombi langu nalipeleka kwa wenye maduka ya vyombo vya muziki hapa Mwanza. Nimezunguka mjini kote, piki nilizokuta ni laini tu, na muuzaji mmoja nilipomuuliza za milimita moja akaniambia hizo ni za besi. Leteni hata pakiti moja. Mfuniko wa ndoo umeshaisha na mama watoto ameanza kuuliza.

Mpiga ridhimu,
Mabatini, Mwanza