Siku ya chanjo ya miezi 18, tuulizwe pia kuhusu kidole

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Nyalenda, Kisumu. Kila Januari napokea watoto wa miaka minne, na karibu kila mwaka hakosi mmoja ambaye ukimwita hageuki; ukimpa kigari cha plastiki anakipindua na kuzungusha gurudumu hadi wenzake waende nyumbani. Nikimuuliza mama alianza kuona lini, jibu huwa lile lile: kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Lakini aliambiwa wavulana huchelewa kusema. Aliambiwa hata babake alikawia. Mama mmoja alinionyesha kijitabu chake cha kliniki. Uzani umeandikwa, chanjo zote zimetiwa alama, ila hakuna aliyewahi kumuuliza kama mwanawe husonta kwa kidole, swali linaloweza kufichua mapema dalili za usonji (autism), yaani hali inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake.

Kidole si jambo dogo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu husonta kwa sababu mbili. Kuna kusonta kwa kuomba: nipe hiyo ndizi. Kuna na kusonta kwa kuonyesha: ndege inashuka kuelekea uwanja wetu, mtoto anaisonta, kisha anakugeukia usoni ahakikishe nawe umeiona. Haombi chochote, anataka tu muitazame pamoja. Hilo la pili ndilo mara nyingi hukosekana kwa mtoto mwenye usonji, nasi hatulioni kwa kuwa sote tunasubiri maneno. Mtoto huyo akitaka maji huenda akaushika mkono wako na kuupeleka kwenye kikombe, bila hata kukutazama.

Maswali ya kugundua haya yapo tayari. Dodoso liitwalo M-CHAT-R lina maswali 20 ya ndiyo au la, ni la watoto wa miezi 16 hadi 30, na kliniki hulitumia bure. Marekani, chama cha madaktari wa watoto kinashauri kila mtoto apimwe usonji akiwa na miezi 18, na tena akiwa na 24. Kwetu, miezi 18 ndiyo mtoto hurudishwa kwa chanjo ya pili ya surua na rubella. Mama yuko pale kwenye benchi, anangoja zamu. Aulizwe basi!

Najua kuna atakayesema kuweka maswali hayo siku ya surua ni kuamsha ule uvumi kwamba chanjo huleta usonji. Uvumi huo ulitokana na makala iliyochapishwa Uingereza mwaka 1998, na jarida lenyewe likaifuta mwaka 2010. Dalili huanza kuonekana wazi umri ule ule wa chanjo, ndipo watu wakaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Mimi naona muuguzi anayeuliza maswali kabla ya kudunga sindano atawasaidia wazazi kulielewa hilo.

Majibu ya dodoso si hukumu. Anayeonyesha dalili huulizwa tena kwa kina, na apimwe masikio, maana wapo wasiogeuka kwa sababu hawasikii.

Na wataalamu wa matamshi je, si ni wachache? Ni wachache, kweli. Lakini kazi kubwa hufanyika mkekani nyumbani: kuketi usawa wa macho ya mtoto, kutaja kile anachokitazama, kumngoja ajibu kwa namna yake. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 yanayofundisha mambo kama hayo. Mzazi akianza mapema, mimi nitampokea mtoto aliyekwisha kuzoea kucheza na mwenzake.

Afya iko mikononi mwa kaunti. Naiomba idara ya afya itafute idhini ya wenye dodoso, ilitoe kwa Kiswahili na Dholuo, kisha iwape wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba, kwani wengi hawarudi kliniki baada ya chanjo ya miezi tisa. Na lile swali la kusonta wasisahau kulitolea mfano ambao kila mzazi hapa anaujua: mtoto kukuonyesha bodaboda inayopita.

Mwalimu wa chekechea,
Nyalenda, Kisumu