Wahitimu wa jiolojia wafundishwe kulinda sampuli

Mhariri,

Kazi yangu ni kupokea wahitimu wa jiolojia wanapoanza ajira kwenye utafutaji wa madini. Majina ya miamba wanayajua vizuri. Lakini ukiwaweka mbele ya masanduku ya mwamba uliochorongwa, yaani vipande virefu vilivyotolewa ardhini kwa mashine, waandike mita kwa mita wanachokiona, wengi wanakwama. Hilo halinitishi sana, maana miezi michache ya mazoezi hulimaliza.

Kinachonitia hofu ni sampuli. Chuoni mwanafunzi hupewa takwimu za maabara zikiwa tayari, wala haulizi nani alichukua sampuli, nani aliifunga, ilipita mikononi mwa nani. Kazini hayo ndiyo maswali ya kwanza. Mwamba hupasuliwa kwa urefu, nusu ikaenda maabara na nusu ikabaki ghalani ili mwenye shaka apime upya. Katikati ya mifuko huingizwa sampuli isiyo na dhahabu kabisa, nyingine ambayo kiwango chake kinajulikana, na nyingine inayorudia sampuli iliyokwisha kuchukuliwa, bila maabara kuambiwa ipi ni ipi, ili majibu yake yakaguliwe.

Utaratibu huo una sababu nzito. Kampuni ya Kanada, Bre-X, ilitangaza dhahabu nyingi mno huko Busang, Indonesia, huku ikisaga karibu mwamba wote bila kubakiza nusu. Mwaka 1997 uchunguzi huru ukaonyesha kuwa sampuli zilitiwa dhahabu kutoka kwingine. Hisa za mabilioni ya dola zikawa si kitu, na akiba za watu wa kawaida zikapotea nazo. Mwaka 2001 Kanada ilianza kutumia kanuni za kutangaza taarifa za miradi ya madini, NI 43-101, zinazomtaka mtaalamu mwenye sifa aibebe ripoti kwa jina lake. Nimekutana na wahitimu ambao habari hii hawajaisikia hata mara moja. Inaniuma, kwa sababu siku moja saini itakuwa yao.

Najua safari za uwandani ni ghali, na ndizo hupunguzwa kwanza bajeti ikibana. Basi vyuo viombe makampuni masanduku ya zamani yanayojaza maghala. Mwanafunzi ayasome, achague sampuli, aandike ripoti, kisha aitetee mbele ya mtu aliyefanya kazi hiyo. Na sisi waajiri tunaolalamika kila mwaka tufungue milango ya mafunzo kazini kabla kijana hajahitimu.

Mwanajiolojia wa utafutaji madini