Dogo, ile katuni uliyoniwekea kwenye flashi

We mdogo wangu, salamu baadaye. Nakuandikia hapa hadharani maana Watsapu unanijibu kwa stika tu, na hili nataka ulisome lote.

Ijumaa umeniletea flashi, ukasema dada humo kuna katuni moja ya Kijapani kaangalie na watoto. Katuni! Nikaamini. Jumamosi usiku mvua inapiga huku Mbagala, watoto wameshakula, nikachomeka kwenye tivii. Grave of the Fireflies, ya mwaka 1988, ya Isao Takahata. Haijachanganya hata kidogo kijana anakufa stesheni, yani mwisho wanakupa mwanzoni kabisa na bado unakaa unaangalia eti labda watabadilisha. Mdogo alishalala, namshukuru Mungu. Mkubwa ndo akaniuliza, mama mbona yule mtoto anamung'unya gololi? Nikamwambia kalale.

Najua we utasema hiyo ni muvi ya vita. Kweli, mabomu ya moto yanamwagwa Kobe mwaka 1945, nyumba za mbao zinateketea, yule kijana na mdogo wake wa kike, mama yao kafungwa bandeji mwili mzima. Hapo mi sikulia. Mi nilikwisha pale kwa yule ndugu yao anayewapokea, anapopakua chakula. Rudisha nyuma uangalie vizuri: kwa watu wake anazamisha upawa mpaka chini kwenye wali, kwa wale yatima anaupitisha juujuu, maji matupu. Na mchele wenyewe umetokana na nguo za mama yao.

Dogo, ule upawa naujua.

We ulikuwa na miaka minne tulivyoletwa Temeke baada ya msiba wa mama, huwezi kukumbuka. Mi nilikuwa na kumi. Wenzetu wanapakuliwa maharage, sisi mchuzi wa maharage, na hakuna aliyetupiga wala kututukana, sasa hata ukitaka kulalamika unaanzia wapi? Siku za wali nikawa najitolea kuosha sufuria, wageni wananisifu mtoto huyu ana adabu, kumbe nafukuzia ukoko. Naukwangua na kijiko, naufunga kwenye pindo la kanga, nakuletea nyuma ya choo. Ulikuwa unauita biskuti.

Usiku ule sikulala, nikaingia gugo (bando lenyewe la kuungaunga) nikasoma kwamba aliyeandika hiyo hadithi, Akiyuki Nosaka, alifiwa kweli na mdogo wake wa kike kwa njaa mwaka huohuo wa 1945. Na akaja kukiri kwamba yeye hakuwa mwema kama yule kaka wa kwenye hadithi, chakula kingine alikuwa anakula mwenyewe. Nikazima simu nikakaa gizani.

Maana na mi sikuwa nakuletea wote. Kuna siku nilikuwa naumaliza palepale jikoni, nimesimama, halafu nakuja nakwambia leo umeungua. We unasema haya dada, unaendelea kucheza na vifuniko vya soda.

Sijui kama ulikuwa unajua. Sijui hata hiyo katuni umeniwekea kwa bahati mbaya au vipi, na usinijibu kwa stika.

Flashi yako ipo juu ya friji. Siku hizi napikia gesi, ukoko hautoki vizuri, ila Jumapili nitawasha mkaa.