Anaomba atolewe kwenye mashine kabla ya saa kwa sababu ya mwasho

Kwako Daktari,

Tunaomba ushauri kuhusu mgonjwa wa figo, mwanamume wa miaka 58, anayesafishwa damu kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anawashwa mwili mzima, usiku ndiyo balaa. Mgongo umejaa mikwaruzo ya kucha, ila katikati ya mabega, mkono usipofika, ngozi ni safi kabisa. Ndiyo maana tunaamini alama zile ni za kujikuna tu. Upele wa kuambukiza tumeutafuta hadi katikati ya vidole, haupo, na nyumbani kwake hakuna mwingine anayewashwa. Hali haizidi anapounganishwa na mashine, kwa hiyo chujio hatulishuku.

Vidonge vya mzio amemeza miezi. Vilimpa usingizi mzito, mwasho ukabaki palepale. Bado anaandikiwa, kwa mazoea tu.

Kinachotusumbua zaidi ni muda. Kipindi chake ni saa 4, lakini zikifika 3 na nusu hatulii tena kitandani, anaomba atolewe. Kwa wiki anapoteza saa 1 na nusu. Yurea, taka ya mwili tunayoipima kwenye damu kabla na baada ya kipindi, inashuka kwa 58%, nayo inatakiwa ishuke walau 65%. Damu ya kipimo cha mwisho tuliichukua baada ya kupunguza pampu hadi mililita 100 kwa dakika, kwa sekunde 15, tusije tukapima damu iliyokwisha safishwa ikazunguka tena. Namba tunaiamini. Akiwashwa anakatisha, akikatisha sumu inabaki, anawashwa zaidi.

Fosfeti, madini yanayojikusanya kwenye damu figo zikishindwa, ilikuwa milimoli 2.3 kwa lita. Kumbe vidonge vya kuifunga alikuwa akivimeza vyote wakati wa kulala, tumbo tupu, navyo hufanya kazi vikikutana na chakula. Sasa anavimeza katikati ya mlo, imeshuka hadi 1.9. Mafuta mazito yasiyo na manukato anapaka mara 2 kwa siku, mara moja akitoka kuoga, ngozi ingali na unyevu.

Tukaongeza gabapentini, dawa ya neva inayotuliza mwasho, miligramu 100 kila akimaliza kusafishwa. Ndani ya wiki 2 akaanza kulala. Lakini Jumapili na Jumatatu, siku zile mbili bila mashine, anayumba akitembea na mikono inashtukashtuka. Dawa hii hutolewa na figo, na figo zake ndizo hizo.

Je, turuke dozi ya Jumamosi tu, au tuiache kabisa? Pregabalini, dawa ya jamii hiyohiyo, nayo hutoka kwa njia hiyohiyo, hatuoni nafuu. Mionzi ya UVB ya kumulika ngozi mara 3 kwa wiki tumeifikiria, ila anasubiri kupandikizwa figo, na baadaye atameza dawa za kushusha kinga. Hofu yetu ni saratani ya ngozi. Difelikefalini, dawa ya mwasho kwa wanaosafishwa damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, huchomwa mwisho wa kipindi kwa mikrogramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, lakini nayo huweza kuleta kizunguzungu. Kwa mtu ambaye tayari anayumba, ungeanza na ipi? Na ungefanyaje atulie ile nusu saa ya mwisho?

Wauguzi, kitengo cha kusafisha damu