Kabla ya kupaka rangi ukuta unaolowa

Nyingi kati ya nyumba tunazoitiwa hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Nguba, zimechimbiwa mlimani, na ukuta unaosumbua karibu kila mara ni ule wa nyuma, unaoegemea udongo. Rangi hubanduka kwa magamba, na chini yake hutokea unga mweupe ambao si ukungu bali ni chumvi.

Maji ya ukuta huo husukumwa na nguvu zaidi ya moja. Mvua ikishajaza udongo wa mlimani, uzito wa maji huyasukuma ndani. Vitundu vya tofali huyavuta juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Na chumvi inayobaki upande unaokaukia, yaani sebuleni kwenu, hunywa unyevu wa hewani.

Iko pia nguvu ya umeme, inayotumiwa kukausha ukuta, ambayo wateja huiuliza sana. Uso wa udongo wa mfinyanzi una chaji hasi, kwa hiyo ioni chanya, yaani chembe ndogo sana zenye chaji chanya, kama za sodiamu na kalsiamu, hujikusanya kando yake ndani ya maji. Umeme ukipitishwa, ioni hizo huelekea ncha hasi na kuyakokota maji, jambo ambalo mwanasayansi Reuss alilionyesha Moscow mwaka 1809. Uzuri wake ni huu: kipenyo cha kitundu kikipungua nusu, maji yanayosukumwa na mgandamizo hupungua mara 16, lakini kasi inayoletwa na umeme haibadiliki sana.

Tatizo ni chumvi. Katika maji yenye miligramu 58 hivi za chumvi ya kawaida kwa lita, tabaka la ioni hizo lina unene wa nanomita 10 hivi. Chumvi ikizidi mara 100, hubaki nanomita 1, mkokoto hudhoofika, na sehemu kubwa ya umeme hupotea bure. Zaidi ya hayo, chuma kilichounganishwa na ncha chanya huliwa na kutu.

Kwa sababu hiyo sisi huanza na mtaro na kokoto nyuma ya ukuta, kisha hukwangua plasta yenye chumvi na kupiga ya chokaa inayopumua. Umeme tunaupendekeza mara chache, pale tu nyuma ya ukuta pasipochimbika na chumvi ni kidogo. Visanduku vinavyotundikwa ukutani bila waya wowote kuingia ndani hatuviuzi, kwa kuwa havipitishi mkondo wa umeme katika tofali.