Barua kwa Rehema: zile chupa 11 za Alhamisi

Basel

Rehema wangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama mpe shikamoo yake, mwambie Desemba naileta mwenyewe Mungu akipenda, na zawadi itakuwa chokoleti kwa sababu kanga huku hakuna.

Nina ombi, na nisipolisema sasa nitazunguka mpaka karatasi iishe. Lile daftari la sampuli za damu za utafiti wetu wa malaria, tafuta ukurasa wa Alhamisi ile umeme ulipokatika. Upige picha, unitumie. Usifute kitu wala usiongeze.

Siku yenyewe huwezi kuisahau. Jenereta haina dizeli, Saidi kaenda na dumu hadi sheli, watoto 11 wameshatolewa damu tangu saa nne, na chupa zenye vifuniko vya kijani zimejipanga mezani kwenye joto lile. Sentrifuji, ile mashine ya kutenganisha damu, ilikuja kuzunguka saa saba. Nami kwenye daftari nikaandika saa nne na nusu, saa nne na dakika 40, mwandiko mzuri kabisa, kwa sababu utaratibu ulitaka plazima, yale majimaji ya damu, itenganishwe na chembe ndani ya nusu saa. Wewe ukatia sahihi bila kusoma, maana uliniamini.

Sasa sikiliza yaliyonikuta huku. Sampuli zetu zilianza kupimwa kwenye NMR. Ni ndugu wa ile MRI unayoijua, tofauti ni kwamba haipigi picha ya mtu, inasikiliza molekuli. Ni pipa kubwa la chuma, ndani yake sumaku iliyozamishwa kwenye heliamu ya kimiminika, nyuzijoto 269 chini ya sifuri. Nguvu yake ni tesla 14.1, wakati MRI nyingi za hospitali ni 1.5. Funguo na kadi ya benki unaviacha mlangoni. Plazima inaingia kwenye kijibomba cha kioo chembamba kuliko kalamu, na baada ya dakika chache kwenye skrini kunatokea safu ya vilima. Kila kemikali ina mahali pake. Laktati, ile asidi inayobaki sukari ikiliwa bila oksijeni, ni vilima viwili vilivyobanana karibu na namba 1.33 kwenye mstari wa chini, kama meno ya mbele ya mtoto. Kilima kikiwa kikubwa, kemikali ni nyingi. Ndiyo maana unaweza kuhesabu.

Msimamizi wangu alichora grafu ya sampuli zote bila kuangalia nani ni nani. Chupa 11 zikajitenga pembeni peke yake: laktati juu, sukari chini. Rehema, unajua hiyo ni sura ya nini. Malaria kali. Mama wa watu akafurahi mpaka akaniita mezani kwake, akidhani tumepata dalili ya mapema ya watoto wanaoelekea kuzidiwa. Tulipofungua namba za siri, 7 kati ya hao 11 walikuwa watoto wazima, wale wa kulinganishia.

Mimi nilishajua. Tumbo lilikuwa limenishika tangu nilipoona namba zinafuatana.

Chembe nyekundu hazijui kwamba zimetoka mwilini. Zikikaa kwenye chupa zinaendelea kula sukari, na kila molekuli moja ya glukosi inatoa laktati mbili. Kwenye joto la kawaida la chumba zinakula kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Kwetu na lile bati, haraka zaidi. Bahati yetu, au balaa, tuliwapima watoto sukari kwa kidole palepale kitandani. Nikachukua mmoja: kidole kilisema milimoli 5.2 kwa lita, chupa inasema 4.1. Imepotea 1.1. Laktati yake nikaikuta 3.7, na watoto wazima wa siku nyingine wako kwenye 1.5 hivi. Imezidi 2.2, mara mbili kamili ya sukari iliyopotea. Nilikaa naitazama hesabu ile kama mtu aliyesomewa hukumu.

Nikajidanganya kwamba labda ni bahati mbaya ya namba, nikapeleka sampuli zilezile kwenye spektromita ya masi. Hii inazigeuza molekuli kuwa na chaji ya umeme, inazirusha na kuzipima uzito mmoja mmoja. Haina huruma: inanusa hata vitu vilivyo kidogo mno ambavyo NMR haivisikii, ingawa plazima ikiingia humo hairudi. Ikaniletea haipozanthini imepanda kwenye zote 11, na hiyo ni kemikali ambayo hupanda damu ikicheleweshwa bila kutenganishwa. Basi.

Mashine hizi mbili zilishiriki Nobeli moja ya Kemia mwaka 2002. Nusu alipewa Kurt Wüthrich wa Zurich, hapahapa Uswisi, kwa NMR ya protini, nusu nyingine wakagawana John Fenn na Mjapani Koichi Tanaka kwa kupima uzito wa molekuli kubwa. Tanaka mwaka 1985 alikosea akachanganya gliserini na unga wa kobalti, akaona ni israfu kumwaga, akaupima hivyohivyo, na ukafanya kazi. Nilimfikiria sana wiki ile. Lakini yeye alijua alichochanganya, na alikisema.

Jumatatu nikaingia ofisini kwa msimamizi nikasema yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: zipo siku nyingine? Nikasema hapana, na ni kweli. Chupa 11 zimeondolewa kwenye utafiti, na anataka kuuona ukurasa. Sahihi yako iko pale. Nimemweleza kwamba hukuwa unajua, na nitaliandika hilo kwenye taarifa, lakini sikutaka uje kulisikia kwa mtu mwingine.

Ukikasirika nipigie, usinitumie ujumbe. Jioni baada ya saa mbili ya huko niko bweni.

Na Saidi awe na dumu lililojaa kabla hamjaanza kutoa damu.

Wako,
Salome