Barua kwa vijana waliolicheka karai

Vijana wangu wa Lanarkshire, hapa Skotilandi,

Salamu. Nimekaa siku nne nikingoja hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Jumamosi, kwenye makumbusho ya mgodi, mzee aliyetutembeza, mtu aliyechimba makaa kwa mikono yake, alituonyesha karai la bati mbele ya jiko. Mkaangua kicheko. "Kumbe hata Wazungu walioga kwenye karai!" Mmoja wenu akajikunja ndani yake apigwe picha. Mzee wa watu akanyamaza. Mimi nikabaki kuangalia viatu vyangu.

Nilipohamia huku mwaka 1981, jirani yangu alikuwa bibi aliyezaliwa 1904 kwenye zile nyumba za safu za kampuni ya mgodi: chumba kimoja au viwili, vitanda vimechomekwa ukutani, choo cha nje cha kushirikiana, bomba la maji nje. Mgodini hapakuwa na mabafu. Yalikuja kuenea miaka ya 1920 na 1930. Baba na kaka zake walirudi weusi tii. Mama akateka maji, akachemsha, akamimina karaini, wakaoga kwa zamu maji yaleyale. Mgongo hausuguliwi, waliamini kuuosha kunaupunguzia nguvu. Halafu nguo: azikung'ute vumbi kwenye ukuta wa nje, azianike karibu na moto zikauke kabla ya alfajiri. Na kwa kuwa baba aliingia asubuhi na kaka usiku, moto haukuzimwa wala mama hakulala. Bibi yule alikuwa akinisimulia huku vidole vyake vinakamua suruali isiyokuwepo. Mwaka 1908 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mchimbaji kufanya kazi saa nane kwa siku. Mama je, alipangiwa saa ngapi, na nani? Nawauliza ninyi wavulana mnaowaachia dada zenu vyombo kila mkija kula kwangu.

Na nyumba yenyewe si yao. Hapo Blantyre, hii ya hapahapa Lanarkshire, si ile ya Malawi, alikozaliwa yule Livingstone wa vitabu vyenu vya shule, mgodi ulilipuka Oktoba 1877 ukaua watu zaidi ya 200. Mwaka uliofuata wajane 34 wakafunguliwa kesi watoke kwenye nyumba za kampuni, kwa kuwa waume zao hawafanyi kazi tena. Marehemu mtoro wa kazi! Basi ninyi mnaotunza wazee, mnaolala nyumba ya mwajiri na kodi inakatwa humohumo kwenye mshahara, someni mkataba kabla ya kutia saini. Nimeshampokea mmoja wenu usiku wa manane, sanduku mkononi, mvua inanyesha. Simtaji.

Mengine kwa ufupi. Ingieni chama cha wafanyakazi. Anzisheni ushirika, wachimbaji wale walikuwa na duka lao na faida wakigawana. Na majina yenu msiyakate: Walithuania waliokuja kuchimba huku wengi walipachikwa majina ya Kiskoti, wajukuu leo wanatafuta ukoo kwenye makaratasi.

Siwachukii, wanangu. Aliyeingia karaini ndiye aliyenibebea mizigo nilipougua mguu, sijasahau.

Jumamosi hii narudi kumwomba radhi yule mzee. Nitakuwa kituo cha basi saa tatu asubuhi. Anayefuatana nami aje ameshakula.

Mzee wenu